Acheni Kuniuliza Kama Ana Sura ya Ubaya

Kila inapotangazwa filamu iliyotokana na kitabu au katuni, na jina la atakayecheza adui likatajwa, simu yangu inajaa ujumbe wa aina moja: "Wewe si ndiye unayefanya usaili wa waigizaji? Hebu tuambie, huyu ana sura ya ubaya kweli?" Nimelijibu swali hili kwenye daladala, harusini, hata msibani. Wiki hii limekuja tena, safari hii kutoka kwa mtu wa fani ambaye alipaswa kujua. Basi naliandika lote hapa.

Sura ya ubaya haipo. Kuna sura inayopokea mwanga vizuri na isiyopokea. Kuna sura ambayo kamera ikiisogelea inafunguka, na nyingine inajifunga. Zaidi ya hapo ubaya wa mhusika unatoka kwenye kile anachokitaka na njia anayoitumia kukipata, na hayo hayaonekani kwenye picha ya tangazo.

Chukueni kisa ambacho kila mtu anakijua nusunusu. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba Heath Ledger atacheza Joker, adui mkuu wa Batman, katika filamu ya pili ya Batman ya Christopher Nolan. Mashabiki wakaja juu. Walimjua kwa filamu za mapenzi za vijana, na kwa Brokeback Mountain ya 2005, ambamo alicheza mchunga kondoo anayempenda mwanamume mwenzake. Kejeli nyingi zilikuwa juu ya hiyo ya pili, na hazikuhusu uigizaji hata kidogo.

Kinachonikera ni kwamba ushahidi ulikuwa ndani ya filamu ileile waliyomchekea. Itazameni tena, safari hii mkifuata kazi ya mwigizaji badala ya hadithi. Taya limebana. Maneno yanatoka nusu, mengine anayameza. Mdomo haufunguki zaidi ya inavyolazimika. Ledger, kijana wa Perth aliyezoeleka kwa tabasamu pana, aliuchukua mdomo wake mwenyewe akaujenga upya, ukawa wa mtu aliyejifunza tangu utotoni kwamba kusema ni hatari. Sasa nendeni kwa Joker wake. Kila kitu kiko mdomoni: ulimi unaopitia makovu, sauti inayopanda na kushuka bila taarifa, kicheko kinachokatika katikati. Inaelezwa kwamba kulamba midomo kulianza kwa sababu makovu ya bandia yalikuwa yanalegea akiongea. Waigizaji wengi wangesimamisha kamera wakaomba gundi. Yeye aliufanya usumbufu ule kuwa tabia ya mhusika. Mtu aliyeweza kuutawala mdomo kiasi kile kwa ajili ya ukimya alikuwa na uwezo wa kuutawala kwa ajili ya fujo, na aliyetazama vizuri angeliona hilo mapema.

Tuzo ya Oscar ilikuja Februari 2009. Alikuwa amefariki Januari 2008, kabla filamu haijatoka. Na jamani, Joker hakumuua. Uchunguzi wa New York ulisema ni ajali ya mchanganyiko wa dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari, na watu wa karibu naye wamesema kazi ile aliifurahia. Hadithi ya mwigizaji aliyeliwa na mhusika wake inawaharibu vijana ninaowapokea. Wanakuja kwenye usaili hawajalala wiki nzima, wakidhani mateso ndiyo maandalizi.

Ngoja niwaeleze ninachokitazama. Anayekuja kuomba nafasi ya adui mara nyingi amejiandaa kwa nyusi: amekunja uso, ameshusha sauti, macho ameyatoa. Namwacha amalize. Kisha namwambia arudie maneno yaleyale, ila sasa ayaseme kama anamwomba mwenye nyumba amwongezee wiki moja ya kodi. Hapo ndipo usaili unaanza. Wengine wanabaki watupu, kwa sababu walichokuja nacho kilikuwa ni zile nyusi tu. Wengine, ghafla, wanakuwa watu wenye haja, na mwenye haja anatisha kuliko mwenye hasira.

Kuna dada alikuja kuomba nafasi ya shemeji wa steringi. Nikampa kipande cha adui kwa sababu tu nilitaka kusikia sauti yake. Katika kipande kile adui anamweleza jirani yake kwamba shamba litauzwa, atake asitake. Pale kitini palikuwa na kanga. Akaichukua, akaanza kuikunja huku anaongea, pembe kwa pembe, analainisha mikunjo kwa kiganja. Sauti haikupanda. Alipofika kwenye tishio lenyewe alikuwa amemaliza kukunja, akaiweka kwenye mapaja ya aliyekuwa anamsomea, kwa upole, kama zawadi. Chumba kizima kilinyamaza. Mtayarishaji akamkataa: "Huyu ana sura ya huruma, watazamaji hawatamwogopa." Nafasi ikaenda kwa kaka mwenye kovu shavuni ambaye alipiga kelele mwanzo hadi mwisho. Bado sijalimeza jambo lile.

Jambo jingine ninalolitafuta ni usikivu, na hili walimu wengi wanalipita haraka mno. Wanafundisha kwamba adui hajioni kuwa adui. Ni kweli, lakini haitoshi, maana hata mpumbavu hajioni mpumbavu. Adui wa kweli kwenye skrini anamsikiliza mwenzake kama fundi cherehani anavyompima mteja kwa macho kabla hajagusa utepe. Mtazameni Anthony Hopkins akiwa daktari muuaji aliyefungwa katika The Silence of the Lambs ya 1991. Yuko kwenye skrini kama robo saa tu katika filamu ya karibu saa mbili. Mwongozaji Jonathan Demme alimfikiria kwa sababu ya The Elephant Man ya 1980, ambamo Hopkins alicheza daktari mwema, mwenye huruma hasa. Demme alitaka akili ile na ule uwezo wa kumtazama mtu kwa makini. Tunapomwona mara ya kwanza kwenye seli yake, amesimama katikati, wima, mikono imetulia, anasubiri. Hajafanya chochote, naye tayari anajua mengi kuhusu yule binti mpelelezi anayemjia kuliko binti anavyojijua.

Je, sura haina kazi kabisa? Inayo, ila si ile mnayoidhani. Mwaka 1968 mwongozaji Sergio Leone alimchukua Henry Fonda acheze muuaji katika Once Upon a Time in the West. Filamu ile haikutokana na kitabu, lakini somo ni lilelile. Wamarekani walikuwa wamemzoea Fonda kwa miaka kama 30 akiwa mtu wa haki: kijana Lincoln, Tom Joad yule mkulima maskini wa The Grapes of Wrath, yule mjumbe wa baraza la mahakama anayewapinga wenzake 11. Fonda mwenyewe akaingiwa na hofu ileile ya mashabiki, akaja na masharubu na lensi za kuyafanya macho yake kuwa ya kahawia. Leone akamwambia avitoe vyote. Aliyataka macho yale ya buluu yanayoaminiwa na kila mtu. Familia inauawa, anabaki mtoto mmoja, wauaji wanajitokeza, kamera inamzunguka kiongozi wao polepole kutoka nyuma hadi usoni, na mtazamaji anamkuta Fonda. Mmoja wa vijana wake anamtaja kwa jina, na kwa hilo tu mtoto lazima afe. Anatabasamu kabla ya kufyatua. Leone aliitumia imani ya watazamaji dhidi yao, na mwenye sura ya ukatili asingeweza kazi hiyo, kwa sababu hakuna aliyemwamini tangu mwanzo.

Sasa upande wa pili, maana nao unanichosha. Kuna wanaojibu kila malalamiko kwa "hata Ledger alipingwa." Kupingwa hakuthibitishi kitu. Jesse Eisenberg alipotangazwa kuwa Lex Luthor, adui wa Superman mwenye upara, kwa filamu ya 2016, mashabiki walisema ni mdogo, hana ubavu, hana upara. Filamu ilipotoka, wahakiki wengi walimponda, akapewa hata tuzo ya kejeli ya Razzie. Mimi naamini wazo lilikuwa zuri: tajiri hatari wa zama hizi anaweza kabisa kuwa kijana mwenye maneno mengi na kompyuta, na Eisenberg alikwishaonyesha mwaka 2010, alipomcheza Mark Zuckerberg wa Facebook, kwamba anaweza kuwa baridi na mwenye kiu kwa pamoja. Kilichonisumbua ni kwamba alicheza kwa kipimo kimoja cha sauti na wenzake wote kwa kingine. Kosa la nani? La mwigizaji, la mwongozaji, au la aliyekaa kwenye uhariri? Siwezi kuthibitisha. Ukweli ambao vitabu vya fani havisemi ni kwamba hatuwezi kuiona filamu ambayo mtu mwingine angeicheza. Tunachagua, kisha matokeo yanatufanya tuonekane wenye hekima au wajinga, na mara nyingine sababu halisi ilikuwa ratiba na malipo.

Kuna malalamiko ya rangi pia. Michael Clarke Duncan, mwigizaji mweusi, alipocheza Kingpin, bosi wa wahalifu katika Daredevil, mwaka 2003, walisema kwenye katuni mtu yule ni mzungu. Lakini Kingpin kazi yake kwenye hadithi ni kukijaza chumba, akisimama wengine wapungue, na Duncan alikuwa na mwili huo na sauti hiyo. Rangi haikubeba chochote katika hadithi ile.

Ila kuna hadithi ambazo utambulisho wa mtu ndio mzigo wenyewe, na huko mashabiki wakiuliza nakaa kitako kuwasikiliza. Katika Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare kwa tafsiri ya Nyerere ya 1969, Shailoki ni Myahudi katika mji wa Wakristo. Chuki yake ina historia: anatemewa mate, anaitwa mbwa, kisha wanakuja kumkopa. Ukimpanga jukwaani pale Bagamoyo na waigizaji wote wamefanana naye kwa rangi, mavazi na lafudhi, mtazamaji ataona mkopeshaji katili anayetaka nyama ya mtu, basi, na kesi nzima itakosa mguu. Lazima pawe na kitu kinachomtenga kila anapofungua mdomo. Kofia haitoshi, na ndevu za bandia ni matusi. Nikipewa mchezo ule nifanye usaili, nitawasikiliza waombaji wote nikiwa nimewapa mgongo, nitafute kwanza lafudhi ambayo mji huo ungeicheka.