Elektrolisisi: mbona nywele "zinarudi" na wewe ulilipia ziishe kabisa

Swali tunaloulizwa sana hapa kitengo cha ngozi kuhusu elektrolisisi, yaani kuua mizizi ya nywele kwa sindano yenye umeme kidogo, hasa na akina dada wanaoota ndevu kidevuni, ni hili: daktari nimeshafanya elektrolisisi mara tatu, mbona zimerudi? Mara nyingi hazijarudi. Hizo ni nyingine.

Nywele za mwilini haziamki zote siku moja, kuna zinazokua sasa hivi, kuna zinazojiandaa kudondoka na kuna vitundu vya nywele vimelala tu, juu ya ngozi huoni kitu. Sindano inaua mzizi mmoja mmoja, tena inaua vizuri unywele ukiwa bado unakua, ule uliolala huupati mpaka utoke wenyewe. Ndo maana kidevu kinaweza kula mwaka mzima au zaidi, mwanzoni unaenda karibu kila wiki afu vipindi vinapungua, na anayekuahidi kumaliza kwa siku moja mwogope.

Kinachofanyika ni hivi, sindano nyembamba kama unywele wenyewe inateleza ndani ya kitundu kilekile unywele unapotokea, kisha umeme kidogo sana unapita. Kwenye njia ya zamani umeme unageuza chumvi na maji ya mwilini kuwa kostiki soda, ndiyo hiyohiyo ya kutengenezea sabuni ila hapa ni chembe tu, nayo inaunguza mzizi. Aliyeianzisha mwaka 1875 ni Charles Michel, daktari wa macho huko St. Louis Marekani, na hakuwa na habari na urembo, alikuwa anatibu watu ambao kope zao zinaota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Baadaye ikaja njia ya joto ambayo ni ya haraka zaidi, na nyingine inayochanganya zote mbili.

Kuna kitu wengi hawakijui: unywele uliouliwa sawasawa ukivutwa unateleza wenyewe bila kubisha. Ukisikia unang'olewa, yaani ule mchomo wa kibano, ujue mzizi haujafa, mwambie anayekuhudumia palepale usione aibu.

Leza, yaani kuunguza mizizi kwa mwanga mkali, nayo ni nzuri na sehemu kubwa kama miguu inaimaliza upesi, ila inawinda rangi nyeusi ya unywele, mvi na nywele za rangi nyepesi haizioni. Sindano haijali rangi. Hata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema leza inapunguza nywele kwa kudumu, elektrolisisi ndiyo inaziondoa kwa kudumu. Vile vibano vya umeme vya kutumia nyumbani sivishauri, unywele haupitishi umeme vizuri kwa hiyo mzizi unabaki salama salmini.

Kabla ya kwenda using'oe na usipake waksi kwa wiki kadhaa, manake sindano inafuata unywele uliopo. Kunyoa siku mbili tatu kabla sio tatizo, tena inasaidia kuona zipi zinakua. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako. Wekundu na uvimbe wa muda ni kawaida, vigaga usivibandue na jua likwepe, ngozi nyeusi ikichokozwa inaacha madoa haraka. Kama makovu yako huwa yanavimba (keloidi), au una kifaa cha umeme cha kusaidia moyo, sema mapema kabla hujalala kitandani.

Na kama ndevu zimekuja ghafla, hedhi inaruka miezi au sauti inakuwa nzito, pima homoni kwanza. Inaweza kuwa shida ya ovari au tezi, na hapo utakuwa unaua nywele hizi huku mwili unaamsha zile zilizolala, pesa inaenda na kidevu kiko vilevile.