AWD haigawi mzigo wa giaboksi, inauongeza

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mtu aliyesimama kabisa mbele ya giaboksi yake iliyofunguliwa: "Fundi, si ni AWD hii? Nguvu inagawanyika kwa tairi nne, kila moja inabeba robo tu, sasa imevunjikaje?" Gia ya tatu iko pale mezani, meno matano hayapo, yaliyobaki yamelika upande mmoja, na bado swali ni hilohilo. Yeye simlaumu. Hilo neno watu wanapokezana miaka nenda rudi, mtu anachukua Subaru Impreza ya zamani isiyo na turbo, anaweka injini ya EJ20 ya turbo, giaboksi anaiacha ileile kwa sababu "nguvu inagawanyika", halafu baada ya muda ananipigia simu usiku.

Fuata njia ya nguvu kwa kidole. Injini, flaiwili, klachi, shafti ya kuingilia, gia, halafu ndo difu ya kati, na hapo ndo inagawanyika kwenda mbele na nyuma. Umeona kugawanyika kuko wapi? Kuko baada ya gia. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zinapokea mzigo mzima, hakuna nusu wala robo. Na hata baada ya hapo usijidanganye kwamba ni nusu kwa nusu siku zote, maana difu ya kati yenye viscous (kifaa chenye mafuta mazito kinachokaza mbele na nyuma zikizunguka kwa kasi tofauti) ikikaza kwa sababu tairi za mbele ziko kwenye kokoto na za nyuma ziko kwenye lami, difu ya nyuma inakula zaidi ya nusu.

Sasa kinachonikera zaidi ni hiki, AWD haipunguzi mzigo wa gia, inauongeza. Kwenye gari ya kuvuta tairi mbili, tairi ndo fyuzi. Ukikanyaga sana tairi zinazunguka bure, moshi unatoka, giaboksi inapona. Ukiweka tairi nne zinazoshika, fyuzi umeiondoa, na kinachofuata kukatika ni meno.

Tupige hesabu ya haraka. Gari ya kilo 1,300, lami kavu, tairi nzuri ambayo msuguano wake ni karibu 1, na kutoka katikati ya tairi hadi chini ni sm 30. Kabla tairi zote nne hazijateleza zinaweza kupokea kama Nm 3,800 kwa pamoja (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ratio ya gia ya kwanza, yaani mizunguko inayoingia kwa kila mzunguko mmoja unaotoka, ni 3.454, ya difu ni 3.9, ukizidisha unapata kama 13.5. Gawanya, inakuja kama Nm 280 kutoka kwenye injini ndo tairi zianze kuteleza. Gari ileile ingekuwa inavuta mbele tu, na uzito unarudi nyuma unapoondoka, tairi zinaachia kwenye nusu ya hapo, tuseme 140. Yaani giaboksi ileile, gia ileile, kwenye AWD inabanwa mara mbili kabla tairi hazijaiokoa. Njoo gia ya pili, 1.947 mara 3.9 ni 7.6, unahitaji Nm 500 ndo tairi ziteleze. Injini yako uliyoitengeneza ina 400? Basi kwenye gia ya pili na ya tatu tairi hazitelezi hata kidogo, kila Nm inaishia kwenye meno. Na hapo nimehesabu injini peke yake, ukiachia klachi ghafla kwenye mzunguko wa 6,000, flaiwili nayo inamwaga nguvu zake zote kwa mpigo mmoja, na huo mpigo unazidi kile injini inachotoa.

Meno yenyewe hayakatiki kwa kubanwa tu. Gia mbili zikisukumana zinataka kuachana, shafti zinapinda kidogo, na kasha la Subaru la gia tano ni vipande viwili vya alumini vilivyofungwa kwa bolti, nalo linapanuka. Shafti zikiachana hata kidogo, meno hayagusani tena kwa upana wake wote, yanagusana kwa ncha. Ndo maana yule bwana meno yake yalilika upande mmoja. Mtu anayekuuzia gia "ngumu zaidi" bila kuzungumzia beringi na kasha anakuuzia nusu ya kazi.

Kwenye klachi mimi mwenyewe sijatulia, nasema ukweli. Kila mtu anaanza kwa kufunga klachi kali, pleti ya vipande vya shaba, presha pleti ngumu mpaka mguu unatetemeka. Inashika, ndiyo, ila klachi inayoteleza kidogo wakati wa kuondoka ndo fyuzi ya mwisho uliyobaki nayo, na ukiiondoa hiyo fyuzi inahamia kwenye gia. Nimefunga klachi kali nikajuta, nimefunga ya wastani ikaungua mapema, mteja akajuta. Siku hizi naelekea kwenye pleti ya kawaida yenye presha pleti iliyokazwa kidogo, na springi za katikati zisitolewe kamwe. Mwenzangu hakubaliani na mimi na ana sababu zake za maana. Cha kuangalia kabla hujanunua ni kwamba giaboksi nyingi za turbo za enzi hizo zinatumia klachi ya kuvuta na zisizo na turbo zinatumia ya kusukuma, vitu vyake haviingiliani.

Sasa tuje kwenye difu, hapa naomba usome polepole kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea. Umeamua kubadilisha giaboksi, vizuri. Ratio ya mbele iko ndani ya giaboksi hiyohiyo, ratio ya nyuma iko kwenye difu ya nyuma, na ni lazima zikubaliane. Niliwahi kuletewa gari imewekwa giaboksi ya 4.444 na nyuma imeachwa difu ya 4.111. Tofauti ni asilimia 8. Ukienda kilomita 100 kwa saa, nyuma inataka kwenda 108. Ardhi hairuhusu, kwa hiyo ugomvi wote unaingia kwenye difu ya kati, viscous inachemka na kukaza, gari ikikata kona kwenye maegesho inashtuka na kulia kama mtu anavuta handibreki. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha beringi za magurudumu zote nne kutafuta huo mlio.

Halafu kuna wengine wanaokosea upande wa pili. Wanaona giaboksi 3.9, difu ya nyuma 3.545, wanasema aah hazilingani, wanatoa difu iliyokuwa sahihi! Kuna giaboksi za Subaru ambazo shafti ya kwenda nyuma inapita kwenye gia nyingine ya 1.1 kabla ya kutoka. 3.545 mara 1.1 ni 3.9. Ziko sawa kabisa. Ndo maana nasema namba peke yake haitoshi, soma msimbo wa giaboksi kwenye stika, ule unaoanza na TY, na kama unaweza nunua giaboksi na difu vilivyotoka kwenye gari moja.

Kama stika imefutika, difu ya nyuma uihesabu kwa mkono. Inua gari, toa propela shafti (ile inayopeleka nguvu nyuma) kwenye difu, chora chaki kwenye flenji na kwenye tairi zote mbili za nyuma. Watu wawili, kila mmoja tairi yake, zungusheni pamoja mara 9 kamili. Flenji ikizunguka 40 hiyo ni 4.444. Ikizunguka 37 ni 4.111. Ikiwa 35 na kaupande kidogo ni 3.9, na karibu 32 ni 3.545. Mkizungusha mara moja tu mtabishana mpaka jioni kwa sababu tofauti haionekani, mara 9 inaonekana wazi.

Mengine nayapita haraka kwa sababu hayabishaniwi sana: krosimemba (chuma kinachobeba injini) ya turbo ili ekzosi ipate nafasi, pampu ya mafuta, waya na kontrol boksi vya injini hiyohiyo, rejeta kubwa, na breki KABLA ya injini, siyo baada. Ukienda kwenye giaboksi ya gia sita ya Impreza STI za 2001 kuendelea, hiyo ndo dawa ninayoiamini, ila inakuja na familia yake: difu kubwa ya R180 badala ya ile ndogo ya R160, draiveshafti za nyuma na habu zake, propela shafti nyingine, klachi na flaiwili yake. Ukichukua giaboksi peke yake utarudi sokoni mara tano.

Mtu akiniuliza gia tano inabeba Nm ngapi huwa simpi namba. Nimeona moja imekufa na injini ya kiwandani, nyingine imekaa miaka na injini iliyoongezwa presha, giaboksi za aina moja. Tofauti ilikuwa dereva, mmoja anaondoka kwa kuachia klachi kwa kishindo, mwingine anasubiri gari itembee kwanza ndo anakanyaga.

Kwa hiyo kabla sijakubali kazi namwaga kwanza mafuta ya giaboksi kwenye karai safi. Nafuta bolti ya kumwagia kwa kidole kama ina sumaku. Uji mweusi laini kama grisi, naendelea. Kikipatikana kipande kinachokwaruza kidole, hiyo injini mpya inakaa sakafuni mpaka kasha lifunguliwe.