Maana ya ustaarabu wa majadiliano katika jumuiya za watumiaji wa programu

Jumuiya ya watumiaji ni kundi la watu wanaotumia programu moja ya kompyuta au ya simu, na ambao husaidiana kuielewa kwa hiari na bila malipo. Mhasibu wa kiwanda cha chai Mufindi, mwalimu wa taaluma wa sekondari Tukuyu, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanaweza kujikuta katika jumuiya moja kwa sababu tu wote wanatumia LibreOffice ya kuandikia nyaraka na majedwali, au QGIS ya kuchorea ramani, au programu fulani ya hesabu za duka. Tofauti kati ya jumuiya hiyo na huduma kwa wateja ni kwamba ndani yake hakuna anayedaiwa jibu: aliyelipia leseni anaweza kumpigia simu muuzaji na kulalamika, lakini anayeuliza kwenye jumuiya anaomba muda wa mtu ambaye naye ana kazi zake. Kwa sababu hiyo jumuiya huendelea kuwapo pale tu ambapo mambo mawili yanalindwa, yaani anayejua kubaki na moyo wa kujibu, na asiyejua kubaki na ujasiri wa kuuliza tena. Desturi zote zinazolinda mambo hayo mawili, zilizoandikwa na zisizoandikwa, ndizo tunazoziita hapa ustaarabu wa majadiliano.

Dhana hii ni pana kuliko upole wa maneno, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunahitaji kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa kuwa tumelelewa katika salamu. Mtu wa Iringa au Njombe hapiti bila “kamwene”, wa Rungwe hapiti bila “ugonile”, na desturi hiyo imehamia kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ikiwa nzima. Ujumbe wa kwanza husema “Shikamooni wakubwa”, wa pili “Poleni na majukumu”, wa tatu “Samahanini, naomba kuuliza”, kisha mwenye shida hunyamaza akisubiri kuruhusiwa. Baada ya nusu saa mtu humwitikia, naye huandika: “Programu imegoma.” Adabu ya mwulizaji huyo haina kasoro, lakini msaada hauwezi kupatikana, kwa sababu hakuna anayejua ni programu gani, toleo gani, iligoma katika hatua ipi, wala iliandika nini kwenye skrini. Sisemi salamu ziachwe, maana kundi lisilo na salamu huku kwetu lingeonekana la watu waliogombana. Ninachosema ni kwamba salamu na swali vikae katika ujumbe mmoja, na swali liwe kamili.

Tuchukue mfano wa karani wa AMCOS anayeingiza kwenye jedwali la LibreOffice Calc mizigo yote ya kahawa iliyopimwa mwezi Julai. Anaandika tarehe kama alivyofundishwa shuleni, siku kwanza na mwezi baadaye: 03/07/2024, 12/07/2024, 25/07/2024. Anapotaka jumla ya kila mwezi, jedwali linamwonyesha kahawa iliyopimwa Januari na Februari, wakati ambao matunda bado ni ya kijani shambani, na Julai yenyewe inabaki na mzigo wa siku moja, tarehe 7. Akiandika “hesabu zinakosewa, nisaidieni”, atapata majibu kumi ya kubahatisha. Akieleza kwamba anatumia LibreOffice kwenye Windows, kwamba tarehe kuanzia 13 zimeegemea kushoto mwa kisanduku na zile za 1 hadi 12 zimeegemea kulia, na kwamba alitarajia zote zihesabiwe Julai, anayelijua tatizo atalitambua papo hapo. Programu hiyo imewekwa katika Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Imeisoma 03/07 kuwa tarehe 7 Machi, na 25/07 imeshindwa kuisoma, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo imeiacha kama maandishi ya kawaida yasiyoingia kwenye hesabu za miezi.

Hapo sasa ndipo ustaarabu wa mjibuji unapopimwa. Jibu la haraka litakuwa “badilisha muonekano wa tarehe, umemaliza”, na litatolewa kwa kujiamini, huenda na mkuu wa kitengo ambaye kila mtu kundini humwita mzee. Jibu hilo ni la kirafiki, na lina madhara, kwa sababu kubadilisha muonekano hakubadilishi tarehe iliyokwisha kuhifadhiwa. 7 Machi itaendelea kuwa 7 Machi hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Jibu sahihi ni kubadilisha mpangilio wa lugha na nchi uwe wa Uingereza au wa Tanzania ili tarehe zitakazoingizwa baadaye zisomwe vizuri, kuzigeuza zile za kuanzia 13 kwa zana ya kugawa maandishi katika safu huku ukichagua mpangilio wa siku, mwezi na mwaka, kisha kuziandika upya za 1 hadi 12, isipokuwa tarehe 7, ambayo imenusurika kwa kuwa siku na mwezi wake ni namba moja.

Anayejua hayo yote anaweza kuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Je, amsahihishe mzee mbele ya watu? Makundi mengi ya kwetu hukwama hapa, na hukwama kimya kimya: kijana anaogopa kuonekana mjuaji, jibu baya linabaki, na karani anapeleka kwenye mkutano wa wanachama hesabu zenye kahawa ya Januari. Kuna namna ya kulisema jambo bila kumvunjia mtu heshima, nayo iko tayari katika Kiswahili chetu. “Mzee, shikamoo. Naomba niongezee kidogo kwenye uliyosema: muonekano utabadilika, ila tarehe iliyohifadhiwa itabaki ileile, hivyo ndugu yetu afanye na hatua hizi.” Kijana amesahihisha hoja bila kumgusa aliyeitoa. Mzee naye ana wajibu wake, na kwa maoni yangu wajibu huo ni mzito zaidi, kwa sababu kundi zima linamtazama yeye: akijibu “asante kijana, hilo sikuliona”, wengine kumi waliokuwa wakijizuia watajua kwamba hapa usahihi hauna umri.

Kinyume cha ustaarabu huo kinafahamika. Ni “Google ipo”, ni “soma kwanza ndipo uulize”, ni “hata mtoto wa darasa la saba analijua hili”, na mara nyingi siku hizi si neno hata moja, ni stika ya mtu anayecheka hadi machozi. Aliyetumiwa stika hiyo hatagombana na mtu. Ataacha kuuliza, ataendelea na tatizo lake, na wasomaji wengine mia waliokuwa na swali hilohilo nao watanyamaza. Kwa hiyo kundi lililotulia sana si lazima liwe kundi lenye ustaarabu. Huenda ni kundi ambalo watu wake wameogopeshwa.

Kuna jibu jingine linaloonekana la wema, nami nalihesabu miongoni mwa mambo yanayoharibu jumuiya pole pole: “njoo inboksi”. Mwulizaji huenda, husaidiwa, hushukuru, na kundini hubaki swali lisilo na jibu. Mtu wa Makambako atakayekutana na tatizo lile mwezi ujao atalitafuta swali, atalipata, kisha atakuta mlango umefungwa. Hasara nyingine ni kwamba jibu la faraghani halina wa kulikagua, hivyo kosa la mjibuji linapita, na wapo wanaoutumia upenyo huo kuanza kudai pesa ya soda. Faragha ina nafasi yake pale ambapo tatizo linahusu nywila, miamala au taarifa za watu. Baada ya hapo ufumbuzi urudishwe hadharani ukiwa umeondolewa siri hizo. Ujumbe wa sauti una kasoro inayofanana na hiyo, kwani hauwezi kutafutwa kwa maneno, na unakula bando la mtu aliyehitaji sentensi mbili tu.

Haja ya kuziweka desturi hizi katika maandishi ni ya zamani kuliko WhatsApp. Mwezi Oktoba 1995 ilitolewa hati inayojulikana kama RFC 1855, iliyoandaliwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, ikiwa na miongozo ya adabu za mtandao. Ilishauri kwamba jibu la hasira lisubiri mpaka kesho yake ndipo litumwe, ikatahadharisha kwamba maandishi ya herufi kubwa tupu husomeka kama makelele, na ikakumbusha kwamba anayepokea ujumbe ni binadamu mwenye utamaduni na lugha yake. Humo humo ilionya kwamba namna za kuandika tarehe huwa hazieleweki sawasawa kila mahali, onyo ambalo karani wa Mbozi angelielewa mara moja. Jumuiya ya Debian, ambayo hutengeneza kwa kujitolea mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilipitisha kanuni zake za mwenendo mwaka 2014, zikiwataka wanachama waheshimiane, wachukuliane kuwa na nia njema na waandike kwa ufupi. Tukio lililozungumzwa kuliko yote ni la Septemba 2018, pale Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, kiini cha mifumo mingi ya kuendeshea kompyuta, mwaka 1991, alipoomba radhi hadharani kwa ukali wa barua zake kwa watengenezaji wenzake, akajiweka pembeni kwa wiki kadhaa, na mradi ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Hakuna aliyesema kwamba hoja zake za kitaalamu zilikuwa dhaifu. Suala lilikuwa kwamba hoja nzuri iliyofungwa ndani ya tusi inamfukuza mtu ambaye mradi ulimhitaji.

Sharti la Debian la kuandika kwa ufupi linatuhusu kwa namna ya pekee. Mtu wa Iringa anayetumia QGIS kuchora ramani za misitu ya Mufindi, akipeleka swali kwa Kiingereza kwenye jumuiya ya kimataifa, anaweza kujibiwa kwa mstari mmoja usio na salamu wala pole, akajiona amedharauliwa. Mara nyingi hakuna dharau yoyote hapo. Mjibuji ana maswali ishirini mbele yake na ameona kwamba heshima kubwa anayoweza kumpa mwulizaji ni jibu sahihi. Kuchukulia nia njema maana yake ni kuanza na maelezo hayo kabla ya kuanza na lile la dharau.

Uzoefu wa makundi ya kwetu unaonyesha pia kwamba ukali hauletwi sana na tabia mbaya kama unavyoletwa na uchovu. Katika WhatsApp, anayejiunga leo kwa kawaida haoni yaliyojibiwa jana, kwa hiyo swali la tarehe litaulizwa tena wiki hii, na wiki ijayo, na mtu mwenye subira ya Ayubu atafika mahali aseme “jamani, tumeshasema”. Kumkaripia mjibuji huyo ni kutibu dalili. Dawa iko kwa admini, ambaye anapaswa kukusanya maswali yanayojirudia pamoja na majibu yake katika faili moja fupi, akalibandika juu ya kundi na kumpa kila mgeni anayeingia. Kuelekezwa kwenye faili kwa maneno “karibu, dada, swali lako liko ukurasa wa pili, ukikwama uturudie” hakumuumizi mtu yeyote. Kazi nyingine za admini ni za kawaida: kuondoa matangazo ya mikopo na kampeni za vyama, kumwonya mkosaji faraghani kwanza, na kumwondoa anayerudia huku akilieleza kundi sababu kwa sentensi moja.

Jambo moja ambalo admini hapaswi kulisubiria ni picha za skrini zenye taarifa za watu. Mhudumu wa kituo cha afya anayepiga picha ya kompyuta ili kuonyesha ujumbe wa hitilafu anaweza, bila kukusudia, kurusha majina ya wagonjwa, umri wao na vipimo vyao kwa watu mia kadhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Picha kama hiyo hufutwa kwanza, maelezo hufuata, na mhusika huombwa aitume tena akiwa amekata sehemu yenye majina, maana ujumbe wa hitilafu ndio pekee uliokuwa ukihitajika.

Unabaki mpaka mmoja wa dhana hii ambao hukosewa na wale hasa wanaoipenda. Kuikosoa programu si utovu wa adabu. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayeandika kwamba toleo jipya limefuta bei zake zote, na kwamba yeye amepoteza siku nzima ya mauzo akiziandika upya, ana haki ya kuliandika hilo kwa uchungu, mradi asimtukane mtu, na atakuwa amewasaidia wenzake zaidi akitaja namba ya toleo na hatua aliyokuwa akiifanya. Admini anayefuta malalamiko ya namna hiyo kwa kisingizio cha kulinda heshima ya kundi, hasa akiwa yeye mwenyewe ni wakala wa programu hiyo, amewanyima wengine nafasi ya kuhifadhi nakala ya bei zao kabla hawajabonyeza kitufe cha kusasisha.