♟️ Askari wa sataranji: anasomwaje, na kwa nini huharibu ubao

Kazi yangu ni fonti na maandishi ya kompyuta, na sataranji naipenda tangu zamani, kwa hiyo swali hili hunifikia kutoka pande zote mbili: ♟️ ina maana gani, na mbona farasi na malkia hawapo kwenye kibodi?

Kusema kweli wapo, ila si kama emoji. Unicode, yaani mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi na alama ya kompyuta namba yake, ina alama za kete zote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni 12, kuanzia U+2654 hadi U+265F, nusu zikiwa na mistari ya pembeni tu na nusu zimejazwa wino. Zote zilikuwa alama za maandishi, sawa na herufi yoyote. Toleo la emoji la 11.0 lilipotoka mwaka 2018, moja tu kati yake ikapandishwa kuwa emoji: ile ya mwisho kwenye safu, askari aliyejazwa wino.

Kwa jicho langu farasi angetambulika upesi zaidi. Lakini askari ana kitu ambacho farasi hana. Ndiye kete dhaifu kuliko zote, kila upande una 8, husonga mbele tu na kurudi nyuma hawezi. Hutolewa kafara bila majuto. Na huyohuyo akivuka ubao mzima hadi safu ya mwisho, hugeuka malkia, ngome, askofu au farasi. Ndiyo maana emoji hii hubeba ujumbe wa aina mbili zinazopingana.

Mtu akiandika “nasubiri zamu yangu ♟️” anazungumzia subira na mipango. Akiandika “wakubwa wanagombana, sisi ♟️” analalamika kwamba anatumiwa. Mimi hutazama emoji imewekwa kwa nani. Ukijiwekea mwenyewe, maneno yanayoizunguka huamua. Ukimwekea mwenzio, mara nyingi itasomwa kuwa unamwita kibaraka. “Umetumwa tena ♟️” ni tusi hata kama ulikusudia utani, kwa hiyo fikiri kabla ya kuituma kwenye kundi la kazini. Matumizi mengine, kama kutangaza mechi au kumwalika mtu kucheza, hayana utata.

Sasa upande unaowasumbua waandishi wa programu. Nyuma ya ♟️ kwa kawaida kuna alama isiyoonekana, U+FE0F, inayoiambia simu ichore picha. U+FE0E huiambia ichore maandishi. Zikikosekana zote mbili, kila kifaa huamua kivyake. Ukichora ubao mzima kwa alama za Unicode, kwenye baadhi ya simu kete nyingine zitatulia vizuri, halafu askari weusi 8 watatokea kama picha: wanene, rangi yao haibadiliki, na safu yao imesukumwa pembeni. Wengi hudhani fonti imeharibika. Weka U+FE0E baada ya kila askari mweusi, na kwa kawaida tatizo huisha.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wachezaji wazuri. Katika majina ya Unicode, “nyeupe” ni alama yenye mistari tu na “nyeusi” ni iliyojazwa. Rangi yenyewe hutoka kwenye maandishi yako. Kwenye skrini yenye mandhari meusi, kete “nyeusi” iliyochorwa kama maandishi hujazwa wino mweupe, na msomaji anaona pande zimebadilishana. Ukituma fumbo la sataranji kwa alama hizi, taja kwa maneno ni zamu ya nani.

Na ukitaka kuandika hatua za mchezo, hutaihitaji ♟️. Farasi huandikwa kwa alama yake, mfano ♘f3, lakini hatua ya kawaida ya askari huandikwa kwa mraba anaofikia tu: e4, basi.