Saikolojia ya makuzi kwa anayetaka kazi ya kuhudumia watu

Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Nairobi wala si la nadharia. "Mwalimu, nikimaliza hii saikolojia ya makuzi, nitaandikwa wapi?"

Jibu langu huwaudhi kidogo. Shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mwanasaikolojia. Tangu 2014 tuna sheria inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, na anayetaka kutoa huduma hiyo sharti asajiliwe. Lakini kazi za kuhudumia watu haziishii kwenye chumba cha ushauri. Kuna ofisi za watoto, probesheni, makao ya watoto, zahanati, mashirika ya mitaani. Wengi wenu mtaishia huko, na huko somo hili lina uzito kuliko mnavyodhani.

Chukua suala la umri. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 14 naye huhesabiwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhike kwa ushahidi kwamba anaweza. Mtoto wa miaka 13 akifikishwa mahakamani, miongoni mwa karatasi zitakazowekwa mbele ya hakimu ni ripoti ya afisa aliyeketi naye akamhoji. Afisa aliyekariri hatua nne za ukuaji wa akili ya mtoto alizozieleza mwanasaikolojia Piaget, ili apite mtihani tu, ataandika nini?

Ndiyo maana kwenye darasa langu Kokwet, kijiji cha hapa Kenya, inapewa muda mrefu kuliko Geneva alikofanyia kazi Piaget. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani, Charles Super na Sara Harkness, walifanya utafiti Kokwet, kwa jamii ya Wakipsigis. Waliona watoto wachanga wakiketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, kwa sababu mama zao waliwafundisha makusudi. Kutambaa, ambako watoto hawakufundishwa, hakukuwahi. Vilevile watoto wakubwa kidogo walipoombwa na mtu mzima wasimulie upya hadithi waliyotoka kuisikia, wengi walinyamaza. Walikuwa wamelelewa kumsikiliza mkubwa na kutenda alichosema. Kumpigia mkubwa hadithi ndefu hakukuwa sehemu ya malezi yao.

Nairobi si Kokwet, najua, ila ukimya huo unapanda matatu na kuja mjini. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye atachimenti (mafunzo ya kazini) Eastlands alimhoji mvulana wa miaka saba. Hakupata neno. Kwenye fomu akaandika: "Anaonekana kuchelewa kiakili." Nikamwambia amuulize nyanya wa mvulana huyo ni kazi gani mtoto anafanya nyumbani. Nyanya akacheka. "Huyu? Huyu ndiye ninayemtuma dukani. Juzi mwenye duka alimpunja shilingi kumi, akarudi kumdai!"

Mtoto anayejua chenji yake, na anayethubutu kuidai, hawezi kuandikwa vile. Siku iliyofuata mwanafunzi alikaa naye sakafuni, wakapanga vizibo vya soda kwa rangi, kisha kwa idadi. Maneno yalianza yenyewe, kwanza kuhusu vizibo, baadaye kuhusu baba.

Lakini msije mkakimbilia kusema kila ukimya ni malezi. Mtoto asiyesikia vizuri naye hunyamaza. Mwenye njaa hunyamaza, na aliyepigwa pia. Kwanza masikio yapimwe. Nimeona ripoti za kurasa nyingi ambazo hakuna mahali palipoulizwa kama mtoto anasikia. Haya ya kupanga maswali kwa utaratibu ndiyo mazoezi ya shahada ya kwanza, na hayahitaji leseni.

Kuhusu masomo ya kuchagua: msiikwepe takwimu. Najua mnaikwepa. Bila takwimu hutajua kama kipimo ulichopewa kiliwahi kujaribiwa kwa watoto wanaozungumza Kiswahili na Sheng, au kimeletwa tu. Chukueni pia somo la uzee, kwa sababu makuzi hayakomi mtu akitimiza miaka 18, na ofisini mara nyingi mtoto mtakayemhudumia ataletwa na nyanya.

Na mnaposubiri barua ya atachimenti, ombeni nafasi ya kukaa kwenye darasa la chekechea mtaani kwenu, asubuhi nzima, bila kufundisha. Angalieni watoto wa umri mmoja walivyotofautiana, mwandike wanachofanya, si mnachodhani wanahisi. Daftari hilo nitalisoma kabla ya insha zenu.