Vilima vya makaburi ya kale: yanayosemwa na yaliyothibitika

"Chini ya kilima kuna dhahabu ya mfalme." Dhana hii ndiyo inayovuta majembe mengi zaidi. Lakini tazama Lothagam Kaskazini, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya. Miaka takriban 5,000 iliyopita, wafugaji wa mwanzo wa eneo hilo walichimba shimo kubwa, wakawa wanalaza wafu wao humo kizazi baada ya kizazi, kisha wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 wanakadiria kuwa humo wamezikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee kwa watoto wachanga. Mapambo yamo tele: shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, hata pambo la kichwa la mamia ya meno ya panya wadogo. Karibu kila mtu alikuwa na lake, na hakuna dalili ya mkubwa aliyetengewa mahali pake. Kwa hiyo kaburi kubwa si lazima liwe la mtawala.

Mwindaji hazina angeyatupa meno yale kama takataka. Hata angeyaokota, akishayatoa mahali pake hakuna tena wa kujua yalikuwa kichwani mwa nani.

Dhana nyingine ni chafu zaidi: kwamba mababu wa wenyeji hawakuwa na uwezo wa kujenga hivyo. Huko Marekani, katika karne ya 19, wengi walishikilia kuwa vilima vya kale vya huko ni kazi ya taifa lililotoweka, hadithi iliyowafaa sana waliotaka ardhi ya Wenyeji wa Marekani. Ripoti ya mtafiti wa mambo ya kale Cyrus Thomas ya mwaka 1894 iliizima miongoni mwa wataalamu. Mitaani bado inapumua.

Tena, si kila kilima ni kaburi. Silbury Hill huko Uingereza kimetobolewa mara kadhaa tangu 1776 bila kupatikana maziko yoyote ya wajenzi wake. Kilichopatikana ni hasara: mwaka 2000 kilele kilititia palepale pa shimo lile la kwanza.

Je, kikishaorodheshwa ndiyo kimepona? Vilima vya makaburi vya Dilmun, ustaarabu wa kale, nchini Bahrain viliingia kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2019. Vilivyoorodheshwa ni 11,774, lakini maelfu mengine yalikuwa yameshasawazishwa kupisha barabara na nyumba. Kwingineko mharibifu ni plau, inayoparua udongo kidogo kidogo kila msimu mpaka kilima kinakuwa bapa.

Na ile ya "mwenye shamba kaniruhusu"? Uingereza, kwa sheria ya 1979, kupitisha kifaa cha kutambua metali juu ya kilima kinacholindwa bila kibali cha maandishi cha mamlaka ya urithi ni kosa la jinai, hata kama mwenye shamba amekubali.