Hamsini na mbili toa ishirini na saba

Mama wa mtoto huyu anauza dagaa na mawese pale Kibirizi. Alifika kwangu jioni, bado ana harufu ya kibanda chake, akaweka daftari mezani. "Mwalimu, huyu hesabu hana kabisa. Amemrithi baba yake." Mtoto mwenyewe, yuko darasa la tano, alikuwa ameniamkia vizuri mlangoni, lakini aliposikia hivyo akainamia kandambili zake.

Nimefundisha hisabati katika shule za msingi za hapa Kigoma kwa miaka kumi na saba, na siku hizi muda wangu mwingi unaishia kwa watoto waliokwama. Siku ya kwanza huwa sifundishi chochote. Nasoma makosa. Katika daftari lile ukurasa mmoja ulikuwa hivi:

52 − 27 = 35
81 − 46 = 45
63 − 38 = 35

Zote tatu zimepigwa kosa kwa wino mwekundu, na chini yake: "Hovyo. Ongeza bidii." Lakini hebu zitazame tena. Mtoto mvivu anayebahatisha angepata majibu yasiyofanana tabia. Huyu ana kanuni, na anaifuata bila kuteleza hata mara moja: katika kila safu anachukua tarakimu kubwa anaitoa ndogo, iwe juu au chini. Saba na mbili, jibu tano. Tano na mbili, jibu tatu. Kosa hili linajulikana dunia nzima kwa walimu wa darasa la pili na la tatu, na bidii hailiondoi. Ukimpa maswali hamsini ya kutoa ya aina hii, atakosa hamsini kwa bidii ile ile.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza "nimtafutie tuisheni?" namrudishia swali: tuisheni ya nini? Kama mwalimu wa tuisheni atarudia sehemu na asilimia za darasa la tano, pesa yako imeliwa. Mtoto huyu alikwama darasa la pili, siku walipoanza kutoa kwa kuchukua kumi, na tangu hapo kila mada mpya imejengwa juu ya shimo. Kugawanya kwa njia ndefu kuna kutoa ndani yake. Sehemu zina kutoa ndani yake. Inabidi urudi lilipo shimo, hata kama mtoto ana miaka kumi na moja na mdogo wake yuko hapo hapo anachungulia. (Mdogo mtu mtafutie kazi nyingine. Aibu inaharibu somo kuliko njaa.)

Nikafunga daftari, nikamwuliza swali la kwao. Mteja amechukua dagaa wa 2,000 na mawese ya 700, ametoa noti ya 5,000. Unamrudishia ngapi?

"Elfu mbili mia tatu," akasema, hata sekunde tano hazikupita.

Umejuaje?

"Mia tatu inafika elfu tatu. Halafu elfu mbili, inafika tano."

Mama akageuka kumtazama kama mgeni.

Hili nalo si la Kigoma peke yake. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha walichokiona Recife, Brazil. Waliwafuata watoto watano wachuuzi, wa miaka 9 hadi 15, wakanunua vitu vyao huku wakiwauliza bei na chenji. Sokoni watoto walipata karibu maswali yote, asilimia 98. Hesabu za aina hiyo hiyo zilipoandikwa kwenye karatasi bila nazi wala pesa, wakashuka hadi asilimia 37. Kichwa ni kile kile. Kilichokatika ni daraja kati ya hesabu ya mdomo na ile ya safu.

Tukaanzia hapo. Nikamwambia 52 ni pesa ya mteja, 27 ni bei. Toka 27 hadi 30? Tatu. Hadi 50? Ishirini. Hadi 52? Mbili. Jumla 25. Akalitazama 35 lake la zamani akacheka peke yake. Wiki nzima ya kwanza hatukuandika hesabu ya safu hata moja.

Wiki ya pili tukaingia kwenye vijiti. Vijiti vya mfagio, vilivyokatwa sawa na kufungwa kumi kumi kwa mpira. Weka 52 mezani: mafungu matano, na viwili vimelala pembeni. Nipe saba. Anavyo viwili tu. Hapo unanyamaza. Usimwambie "kopa", maana neno hilo limemchanganya tangu darasa la pili: anakopa kwa nani, na atalipa lini? Mwache ahangaike mwenyewe mpaka afungue mpira wa fungu moja. Sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili, na bado ni 52. Huyu alirudia kuvihesabu vyote, kimoja kimoja, kuhakikisha havijapungua. Nilimwacha. Dakika tatu zile zilikuwa na faida kuliko mazoezi yote ya daftari lile.

Kuna kitu kingine wazazi hawakioni kwa sababu tumekizoea. "Kumi na mbili" inajieleza yenyewe. Lakini ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, tumeyapokea kutoka Kiarabu, na mtoto akisikia "hamsini" hasikii tano popote. Kwake ni jina tu. Ndiyo maana kwa muda nawataka watoto waseme mara mbili: "hamsini na mbili, makumi matano na mamoja mawili." Inachosha masikio, lakini kwa mtoto aliyekwama inafanya kazi.

Vidole vikitumika, viacheni. Vitaondoka vyenyewe. Na tebo isikaririwe kwa fimbo. Mtoto mwenye hofu anatumia nafasi ya kichwa chake kuiwaza fimbo, na nafasi ile ndiyo aliyoihitaji kushikilia tarakimu. Akisahau 7 mara 8, mwonyeshe njia ya kuzunguka: 5 mara 8 ni 40, 2 mara 8 ni 16, jumla 56. Dakika kumi na tano kila siku zinatosha, kabla hajachoka, tena si usiku baada ya kubeba maji.

Macho yapimwe mapema. Nimewahi kukaa mwezi mzima na binti niliyedhani hajui kujumlisha, kumbe aliyokuwa akinakili ubaoni hayakuwa yale yaliyoandikwa.

Wapo pia wachache ambao hata vijiti haviwasaidii haraka. Mtoto wa miaka tisa anayeshindwa kuona bila kuhesabu kwamba vitu vitatu ni vitatu, au kujua kati ya 8 na 6 ipi kubwa, huenda ana diskalkulia, ugumu wa kuzaliwa nao katika kuelewa namba. Inakadiriwa kuwapo kwa watoto 3 hadi 7 katika kila 100, na haihusiani na akili ndogo. Nao hujifunza, ila kwa hatua fupi zaidi na kwa muda mrefu.

Kijana wa Kibirizi hayumo katika hao. Mama yake ameacha kumtaja baba mtu kila tukikutana, na siku hizi anamwachia kibanda asubuhi ya Jumamosi. Kutoa kwa tarakimu mbili kumekaa. Wiki hii tuko kwenye 403 toa 128, na sifuri ya katikati imetugomea tangu Jumatatu.